Clarence Gideon: Mfungwa aliyeshika penseli hadi maskini wakapewa wakili

Hebu fikiria hivi. Ni Jumamosi usiku, umetoka kutazama mechi na marafiki. Kabla hujafika steji, gari la polisi linasimama kando yako na unaambiwa upande. Saa moja baadaye uko ndani ya seli. Mshipi umevuliwa, simu imebaki kaunta, na hujaelezwa vizuri kosa lako ni lipi. Nyumbani wanadhani uko njiani. Mfukoni ulikuwa na mia mbili pekee.

Swali la kwanza linalokujia hapo si la sheria, ni la pesa. Dhamana nitailipa na nini? Na wakili je, ni nani atakubali kunisimamia bure?

Kuna mtu mmoja aliyejiuliza maswali hayo mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiria. Hakuwa shujaa wa vita wala mwanasiasa. Shule aliiacha njiani, alikuwa mcheza kamari, na jela alikuwa ameingia na kutoka mara kadhaa. Jina lake ni Clarence Earl Gideon. Alifariki 1972, lakini hadi leo mwanafunzi wa sheria asiyemjua bado hajasoma vya kutosha. Soma maisha yake hadi mwisho, kwa sababu yanaweza kukufaa siku usiyoitarajia.

Kijana aliyetoroka nyumbani

Gideon alizaliwa Agosti 30, 1910 katika mji wa Hannibal, jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake alifariki akiwa na miaka mitatu. Mama akaolewa tena, na kijana hakuelewana na maisha ya nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi alitoroka, akaanza kuishi kwa kuhamahama, leo hapa kesho pale, akifanya kibarua chochote kilichotokea.

Unajua mambo ya aina hiyo huishia wapi. Kabla hajatimiza miaka 20 tayari alikuwa amefungwa kwa wizi. Alipotoka, uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na kazi hakuna. Akarudi jela. Akatoka, akarudi tena. Mara moja hata alitoroka gerezani, akaishi uraiani kwa muda kisha akakamatwa. Ukijumlisha, ujana wake karibu wote uliishia nyuma ya kuta.

Nakuambia haya mapema ili usije ukadhani hii ni hadithi ya malaika. Gideon alikuwa na makosa yake na aliyakubali. Lakini jambo moja kumhusu ni muhimu: rekodi hiyo ya jela ilimfuata kila alikokwenda.

Miaka ya hamsini alijaribu kutulia. Aliugua kifua kikuu, akalazwa muda mrefu. Alioa, akapata watoto, akafanya kazi ya umeme na ufundi mdogomdogo. Mwishowe akafika Panama City. Usichanganye na nchi ya Panama, huu ni mji wa pwani katika jimbo la Florida. Ndoa ilikuwa na matatizo na pesa zilikuwa haba, basi akawa anajiongezea riziki kwa kuendesha michezo ya kamari kwenye ukumbi mmoja wa mchezo wa pool. Ukumbi wenyewe uliitwa Bay Harbor Poolroom.

Asubuhi ya Juni 3, 1961

Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo mtu alivunja ukumbi huo. Dirisha lilivunjwa, mashine ya sigara na ile ya kupiga muziki zikafunguliwa, sarafu zikatolewa. Pombe na soda kadhaa pia hazikuonekana.

Kijana mmoja akawaambia polisi kwamba alfajiri, yapata saa kumi na moja na nusu, alichungulia dirishani na kumwona Gideon ndani. Kisha akamwona akitoka, akapiga simu na kuchukuliwa na teksi.

Polisi wakamtafuta Gideon, wakamkamata siku hiyohiyo. Mifukoni alikuwa na takriban dola 25, zote sarafu. Kwa askari, kesi ilikuwa imekwisha: mtu mwenye rekodi ya jela, shahidi aliyemwona, na mifuko iliyojaa sarafu. Gideon alisema sarafu hizo ni za kamari aliyokuwa akiiendesha palepale. Hakuna aliyemsikiliza.

Hakuwa na pesa za dhamana wala mtu wa kumdhamini. Akabaki ndani akisubiri kesi.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wetu hupotea. Dhamana si faini. Si malipo ya kosa, na haimaanishi umekubali kosa. Ni ahadi kwamba ukiachiliwa utarudi kortini siku utakayoitwa, na pesa au mdhamini huwekwa ili kuikazia ahadi hiyo nguvu. Ukirudi kila siku unayotakiwa, pesa taslimu ulizoweka hurudishwa kesi ikiisha, hata kama umepatikana na hatia. Ukikosa kufika, zinakwenda na kibali cha kukukamata kinatolewa.

Tatizo lake Gideon aliliishi mwenyewe. Tajiri na maskini wakishikwa kwa kosa lilelile, tajiri hulala kwake na maskini hulala rumande, ingawa wote wawili bado hawajapatikana na hatia yoyote. Aliye nje hutafuta mashahidi, huzungumza na wakili, huendelea na kazi. Aliye ndani hukaa tu akihesabu siku.

Jambo hili lilikuwa limeanza kuwasumbua wengine pia. Mwaka uleule wa 1961, tajiri mmoja wa New York, Louis Schweitzer, alishtushwa na idadi ya vijana waliorundikana rumande kwa kukosa pesa. Akishirikiana na mwandishi Herbert Sturz, alianzisha mpango wa kuwahoji waliokamatwa: unaishi wapi, na nani, unafanya kazi gani, jamaa zako wako wapi? Wenye mizizi mjini walipendekezwa kwa jaji waachiliwe kwa ahadi tu, bila kuweka pesa. Karibu wote walirudi kortini. Mpango huo ulichangia Marekani kubadilisha sheria yake ya kitaifa ya dhamana 1966. Lakini kwa Gideon, kule Florida, ulikuwa mbali sana.

Kesi ya mtu mmoja

Agosti 4, 1961 akapelekwa mbele ya Jaji Robert McCrary. Gideon akasema hayuko tayari kwa kesi kwa sababu hana wakili, na akaomba korti impe mmoja.

Jaji akamweleza kwa upole kwamba hawezi. Sheria ya Florida ilimruhusu kumpa mshtakiwa wakili wa bure ikiwa tu kosa lilikuwa na adhabu ya kifo. Gideon akashikilia kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imesema ana haki hiyo.

Alikosea. Mahakama ya Juu ilikuwa imesema karibu kinyume chake. Katika kesi ya 1942 iliamua kwamba majimbo hayalazimiki kumpa kila maskini wakili, ila tu mahali ambapo kuna hali ya kipekee, kwa mfano mshtakiwa hajui kusoma au ana upungufu wa akili. Gideon alijua kusoma na akili zake zilikuwa timamu. Kwa hivyo, kwa hesabu ya sheria ya siku hizo, aliweza kujitetea.

Basi akajitetea. Mbele ya jopo la raia sita ambao ndio wangeamua kama ana hatia, mzee huyu aliyeacha shule akaanza kuhoji mashahidi. Alimuuliza yule kijana alikuwa akifanya nini nje ya ukumbi alfajiri ile. Kijana akajibu kwamba alikuwa akitoka kwenye dansi. Gideon akaachia hapo. Hakujua swali la pili ni lipi. Akaita mashahidi wake pia, lakini wengine hawakuwa na la kumsaidia. Yeye mwenyewe hakutoa ushahidi.

Jopo likampata na hatia. Agosti 25 akahukumiwa miaka mitano, kiwango cha juu kabisa kwa kosa hilo.

Umewahi kumwona mtu akijitetea kortini bila wakili? Anazungumza sana mahali pa kunyamaza, na ananyamaza mahali pa kuuliza. Si kwamba ni mjinga. Upande wa pili umekaa mtu aliyesomea kazi hiyo na anaifanya kila siku. Ni kama kumwingiza mtu uwanjani dhidi ya timu ya ligi kuu hata sheria ya kuotea haijui.

Penseli na karatasi za gereza

Gideon alipelekwa gereza la jimbo kule Raiford. Wengi wangekata tamaa. Yeye akaenda maktaba ya gereza, akasoma vitabu vya sheria vilivyokuwepo, akaanza kuandika. Mahakama ya Juu ya Florida ilimkatalia. Hakuacha.

Akachukua karatasi za mistari za gereza na penseli, akaandika ombi la kurasa tano kwa herufi kubwakubwa. Makosa ya tahajia yalikuwa mengi na lugha yenyewe ilikuwa ya kuvunjikavunjika. Lakini hoja ilikuwa moja na ilieleweka: aliomba wakili, akanyimwa, na kwa hivyo kesi yake haikuwa ya haki. Hakuandika kwamba hana hatia. Aliandika kwamba hakusikilizwa ipasavyo. Elewa tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo iliyombeba.

Ombi lilifika Mahakama ya Juu jijini Washington mwezi Januari 1962. Mahakama hiyo hupokea maelfu ya maombi kwa mwaka na huyatupa karibu yote. La Gideon lilikubaliwa Juni mwaka huo. Na kwa kuwa hana pesa, Mahakama ikamteulia wakili: Abe Fortas, mmoja wa mawakili waliotajika zaidi Washington. Fortas aliifanya kazi hiyo bila malipo.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Mtu aliyenyimwa wakili yeyote katika korti ya mji mdogo alikuwa sasa na wakili ambaye makampuni makubwa yalimtegemea.

Majimbo yenyewe yakashangaza. Florida iliyaomba majimbo mengine yaiunge mkono. Mawili tu yaliitikia. Zaidi ya 20 yaliandika kumuunga mkono mfungwa.

Januari 15, 1963 kesi ikasikizwa. Fortas aliwakumbusha majaji habari za Clarence Darrow, wakili wa jinai aliyevuma kuliko wote Marekani zama zake. Darrow aliposhtakiwa yeye binafsi, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutafuta wakili. Ikiwa bingwa wa sheria alihitaji kutetewa, sembuse Gideon?

Machi 18, 1963 majaji wote tisa walikubaliana. Uamuzi uliandikwa na Jaji Hugo Black, ambaye miaka 21 awali alikuwa amepinga ule uamuzi wa 1942. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote anayeshtakiwa kwa kosa kubwa katika jimbo lolote la Marekani na hana uwezo wa kumlipa wakili, serikali ni lazima impe mmoja. Florida ikapitisha sheria ya kuajiri mawakili wa umma mwaka huohuo, na wafungwa wake wengi waliohukumiwa bila wakili wakaachiliwa.

Kesi ileile, korti ileile

Usidhani Gideon alitoka jela siku hiyo. Alichoshinda ni haki ya kesi mpya tu. Alibaki ndani hadi siku ya kusikizwa upya.

Mawakili wawili wa shirika la kutetea haki za kiraia wakasafiri kutoka Miami kuja kumsimamia bila malipo. Gideon akawakataa. Watu wakashangaa: baada ya vita vyote hivyo vya kutafuta wakili, sasa anakataa wawili? Lakini mzee alijua anachotaka. Alitaka wakili wa pale mjini, anayejulikana na watu wa pale, anayejua mitaa na tabia za mashahidi. Akamtaja kwa jina: W. Fred Turner. Jaji akakubali.

Turner hakukaa ofisini kusoma faili. Kwa siku tatu alizunguka mtaani akiuliza maswali. Alizungumza na dereva wa teksi. Alichunguza habari za yule shahidi mkuu. Alikwenda kuliangalia lile dirisha.

Agosti 5, 1963 kesi ikaanza upya. Jaji alikuwa McCrary yuleyule, shtaka lilelile, shahidi mkuu yuleyule. Kilichobadilika ni mtu mmoja tu aliyekaa kando ya Gideon.

Turner akauliza lile swali la pili. Kama ulikuwa ukitoka dansi kwa gari na wenzako, mbona ulishuka mbele ya ukumbi wa pool badala ya kufikishwa nyumbani, na nyumbani ni mitaa miwili tu mbele? Mbona ulipoona mtu ndani ya jengo lililofungwa hukuwaita polisi? Uliwezaje kuona vizuri ndani wakati dirishani kulipangwa matangazo na maboksi? Na je, ni kweli hujawahi kuwa na kesi yako mwenyewe? Ikajitokeza kwamba kijana huyo aliwahi kukiri wizi wa gari. Turner akawaachia watu wa jopo wajiulize: huenda yule aliyedai kumwona mwizi alikuwa mlinzi wa wezi wenyewe, na bia zilizopotea ziliondoka na gari la wenzake.

Dereva wa teksi naye akasema Gideon alimwomba asimwambie mtu kwamba amembeba. Lilisikika vibaya. Turner akauliza: amewahi kukuomba hivyo siku nyingine? Ndiyo, mara nyingi, kwa sababu alikuwa na ugomvi na mkewe. Mara moja ushahidi mbaya ukageuka kuwa jambo la kawaida la nyumba yenye kelele.

Jopo lilikaa zaidi kidogo ya saa moja, likarudi na jibu. Hana hatia.

Gideon alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka miwili kwa kosa ambalo, alipopata wakili, lilishindwa kuthibitishwa kwa siku moja. Usiku huo, akiwa huru, alipita tena pale Bay Harbor Poolroom.

Na hapa kwetu je?

Labda unasema hayo ni ya Marekani, sisi tuko Nairobi, Mombasa, Eldoret. Basi fungua Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 49 na cha 50. Humo mna karibu kila kitu alichokosa Gideon, na ni haki zako hata kama umeshikwa na bangi mkononi.

Ukikamatwa una haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa kwako. Una haki ya kunyamaza, na huwezi kulazimishwa kukiri. Una haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine wa kukusaidia. Ni lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au, muda huo ukiisha wakati korti imefungwa, kabla ya mwisho wa siku inayofuata ya korti. Na una haki ya kuachiliwa kwa dhamana au bondi yenye masharti ya haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukunyima. Sababu nzito ni kama hofu ya kweli kwamba utatoroka au utawatisha mashahidi. Zamani mshukiwa wa mauaji au wizi wa mabavu hakuweza hata kuomba. Siku hizi anaweza.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kama kosa lako adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema usiwekwe rumande.

Sasa tufafanue maneno. Ukisikia hakimu amesema dhamana ya Sh10,000 pesa taslimu au bondi ya Sh50,000 na mdhamini mmoja, una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka elfu kumi kortini na kupewa risiti rasmi. Ya pili ni kuleta mtu anayekubali kuwajibika hadi elfu hamsini usipotokea, na athibitishe uwezo wake, kwa mfano kwa hati ya shamba au cheti cha umiliki wa gari. Huyo hatoi pesa siku hiyo, lakini ukitoroka atazitoa. Kwa hivyo usimchezee mama yako akikusimamia.

Kituoni pia polisi wanaweza kukuachilia kabla ya korti. Bondi ya polisi haina malipo. Ukiombwa pesa taslimu za dhamana, dai risiti. Pesa isiyo na risiti si dhamana, na hutaiona tena.

Masharti yakikulemea, usikae kimya ukiozea rumande. Mwambie hakimu wazi unafanya kazi gani, unapata kiasi gani, unaishi wapi, nani anakutegemea. Ni maswali yaleyale waliyouliza kina Schweitzer. Watu wa nyumbani walete kitu cha kuonyesha: barua ya chifu, mkataba wa nyumba, kitambulisho cha chuo au cha kazi. Ukikataliwa, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ipunguze.

Kumtafuta wakili

Kifungu cha 50 kinakupa haki ya kuchagua wakili wako. Hapo mfuate Gideon. Hakumchagua mwenye jina kubwa, alimchagua anayeijua korti ile na mji ule.

Usimlipe mtu aliyekusimamisha kwenye ngazi za korti akijiita wakili. Kila wakili ni lazima awe na cheti cha kufanyia kazi kinachotolewa upya kila mwaka, na Chama cha Mawakili Kenya, LSK, kinaweza kukuthibitishia kama jina hilo limo. Kisha uliza maswali ya mtaani kabisa. Umefanya kesi za jinai, ama wewe ni wa mashamba na kampuni? Umewahi kusimamia shtaka kama langu? Ada hii ni ya kuombea dhamana tu ama ya kesi nzima? Utakuja mwenyewe ama utatuma mwingine? Ukilipa, andikishaneni na upewe risiti. Na jihadhari na anayekuahidi ushindi. Turner hakuahidi, alikwenda kuuliza majirani.

Kama huna pesa, Katiba inasema serikali itakupa wakili pale ambapo kutokuwa naye kungesababisha dhuluma kubwa. Kwa kesi za mauaji Mahakama Kuu, hilo limezoeleka. Kwa makosa madogo inategemea uzito wa shtaka, ugumu wa kesi na uwezo wako mwenyewe. Ukiangalia vizuri, utaona bado tuko karibu na ule mstari wa 1942, wa hali ya kipekee. Gideon wetu, wa wizi wa simu au wa kugombana baa, mara nyingi bado anasimama peke yake.

Lakini usikubali kabla ya kuomba. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda shirika la kitaifa la kuwasaidia wasio na uwezo, na Kituo cha Sheria kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu 1973. Mwambie hakimu unaomba msaada wa wakili, na uhakikishe ombi lako limeandikwa. Gideon aliomba kwa sauti mbele ya jaji, akakataliwa, na kwa sababu ombi hilo lilikuwa kwenye rekodi ya korti, ndilo lililofika Washington. Asingeomba, asingekuwa na kesi.

Jambo la mwisho: usikubali shtaka ili tu uende nyumbani haraka. Vijana wengi hushauriwa hivyo asubuhi ya Jumatatu, wakiwa na njaa na uchovu, wakiambiwa watapigwa faini ndogo. Rekodi hiyo itakusubiri siku utakayohitaji cheti cha tabia njema. Gideon alifungwa mara kadhaa akiwa kijana, na rekodi ilimtangulia mlangoni.

Kaburi la Hannibal

Baada ya kuachiliwa, Gideon hakutajirika. Aliendelea na maisha ya kawaida, akifanya kibarua hapa na pale, huku jina lake likiwa kwenye vitabu na baadaye hata filamu. Alifariki Januari 18, 1972, akiwa na miaka 61. Alizikwa kwao Hannibal, kule alikotoroka akiwa kijana, na kaburi lake likakaa miaka bila jiwe la jina. Wanaharakati wa haki za kiraia ndio waliokuja kuliwekea jiwe miaka ya themanini.

Hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha swali ambalo kila korti ni lazima ilijibu kabla ya kumfunga maskini: huyu ametetewa na nani?

Kwa hivyo leo, kabla hujaweka simu chini, shika kichwani namba moja ya mtu wako, maana ndani ya seli simu hutakuwa nayo. Mwambie mtu huyo mapema kwamba siku ukipiga kutoka kituoni, asikimbilie pesa kwanza. Aulize umewekwa kituo gani, shtaka ni lipi, na namba ya OB. Kisha atafute wakili.